Nusukipenyo cha mkunjo: kipimo kinachoamua treyi na kebo ya fiba

Katika majengo mengi treyi za nyaya, yaani vibebeo virefu ambamo nyaya hulazwa, hufungwa mapema, pamoja na mabomba na mifumo ya umeme, na kebo ya fiba, yenye nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, huja baadaye kulazwa mahali palipokwisha kutengenezwa. Utaratibu huo ndio chanzo cha hitilafu nyingi ninazozikuta kazini, kwa sababu fiba ina sharti ambalo waya wa shaba hauna kwa ukali huo, nalo ni kwamba haikubali kukunjwa kupita kiasi fulani. Kiasi hicho huitwa nusukipenyo cha mkunjo, na mtu akishakielewa hachagui tena treyi peke yake wala kebo peke yake.

Lisogeze wazo hili karibu. Kebo inapopita kwenye kona hufanya tao. Ukiliendeleza tao hilo kwa mawazo mpaka lifunge duara, umbali kutoka kitovu cha duara hadi kwenye kebo ndio nusukipenyo cha mkunjo, kwa hiyo kona pana ina nusukipenyo kikubwa na kona kali ina nusukipenyo kidogo. Mtengenezaji hueleza kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa, na mara nyingi hakitaji kwa milimita bali kwa kuzidisha kipenyo cha nje cha kebo: kanuni iliyozoeleka ni mara 20 wakati kebo inavutwa, na mara 10 ikishatulia mahali pake. Kebo yenye unene wa milimita 12 basi inadai milimita 240 wakati wa kuvutwa na milimita 120 baada ya hapo, ingawa karatasi ya maelezo ya kebo yenyewe ndiyo yenye neno la mwisho. Vipimo ni viwili kwa sababu kebo inayovutwa tayari imebeba mkazo, na kona huongeza mkazo mwingine upande wa nje wa tao, ambako kioo hunyooshwa zaidi.

Kioo hicho ni chembamba kuliko wengi wanavyodhani. Uzi mmoja wa fiba ya modi moja, yaani inayopitisha mwanga kwa njia moja tu, una kiini cha takriban maikromita 9, kimezungukwa na ganda la kioo lenye kipenyo cha maikromita 125, kisha utando wa plastiki unaoufikisha uzi kwenye maikromita 250, yaani robo ya milimita. Mwanga husafiri ndani ya kiini kwa kuakisiwa kila unapofika mpakani na ganda, mradi uufikie mpaka huo kwa pembe ya kuambaa. Uzi ukikunjwa sana, pembe hubadilika, na sehemu ya mwanga hupenya mpaka na kupotea. Upotevu huo hupimwa kwa desibeli. Desibeli 3 maana yake nusu ya mwanga imepotea, ilhali fiba nzuri iliyonyooka hupoteza takriban desibeli 0.35 tu kwa kilomita katika mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310 na desibeli 0.2 katika nanomita 1550. Kona moja mbaya ndani ya dari inaweza kula mwanga mwingi kuliko kilomita kadhaa za mkongo ulionyooka ardhini.

Jambo linalowakanganya mafundi ni kwamba mkunjo hauumizi mwanga wote sawasawa, kwani wimbi likiwa refu zaidi ndivyo mwanga unavyovuja kwa urahisi kwenye kona. Niliwahi kuitwa kwenye jengo moja la ghorofa katikati ya Dar es Salaam ambako kipimo cha nanomita 1310 kilionyesha njia safi kabisa, lakini tulipobadilisha kwenda nanomita 1550 mstari kwenye skrini ya kifaa cha kupimia ukaanguka ghafla, kama ngazi, mita arobaini hivi kutoka kwenye kabati la mtandao. Kiungo kibaya cha kioo huonekana karibu sawa katika mawimbi yote mawili, kwa hiyo tulijua kuwa hapo pana mkunjo. Tulipofungua dari tuliikuta treyi imekatwa kwa grainda na kukunjwa kwa pembe ya nyuzi 90 bila kipande cha kona, kebo imevutwa hadi ikabana upande wa ndani, na tai za plastiki zimekazwa mpaka zimeacha mfereji kwenye ganda la nje la kebo. Tulikata tai tatu, tukaisogeza kebo upande wa nje wa kona, na ile ngazi ikakaribia kufutika tukiwa bado tunaitazama. Alama nyeupe za tai zilibaki kwenye ganda.

Hitilafu kama hiyo inaweza kulala miaka bila kujulikana. Mtandao wa fiba wa majumbani wa aina ya GPON hutuma mwanga kwa mteja katika nanomita 1490 na kuupokea katika nanomita 1310, ambapo kona mbaya huweza kuvumiliwa. Siku mtandao unapopandishwa kuwa wa aina ya kasi zaidi iitwayo XGS-PON, mwanga wa kwenda kwa mteja huwa wa nanomita 1577, na kona ileile huanza kuonekana.

Kwa upande wa treyi, swali la kwanza si upana wala bei, bali ni vipande vya kona. Treyi za ngazi huuzwa na kona zenye nusukipenyo cha ndani kama milimita 300, 600 au 900, na hizo huitosha karibu kebo yoyote ya ndani ya jengo. Treyi ya waya wa wavu ni nyepesi na fundi huitengenezea kona palepale kwa kukata baadhi ya waya, jambo linalorahisisha kazi lakini linaloacha ncha na pembe kali zisipofunikwa, na waya zenyewe hugusa kebo kwa nukta nyembamba. Rundo la nyaya nzito za shaba likiwekwa juu ya fiba kwenye wavu wa namna hiyo, kila waya unakuwa kama kidole kinachobonyeza, na mibonyezo hiyo midogo nayo huvujisha mwanga. Mimi huomba fiba ipewe treyi yake, au angalau mfereji wa plastiki ndani ya treyi ya pamoja, na ifungwe kwa velkro badala ya tai za plastiki.

Ujazo nao una hila yake. Kiwango cha Marekani cha TIA-569 kinataka treyi isijazwe zaidi ya asilimia 50 kwa hesabu ya eneo, na wengi huona nusu iliyobaki kama nafasi ya bure. Sivyo. Kebo ni za mviringo na hulala ovyo, hivyo hesabu ikifika asilimia 50 treyi kwa macho imeshajaa hadi ukingoni. Treyi ya upana wa milimita 300 na kina cha milimita 50 ina eneo la milimita za mraba 15,000. Kebo ya milimita 8 huchukua takriban 50, kwa hiyo asilimia 25, ambayo ni mwanzo wa busara kwa jengo jipya, ni kebo 75 hivi. Treyi ikijaa, kebo inayoongezwa hukosa njia ya kuzunguka kona kwa upana na hulazimika kukata njia ya mkato.

Malighafi ya treyi haihusiani na mkunjo, ila pwani haiwezi kupitwa kimya. Kuanzia Tanga hadi Mtwara, na vivyo hivyo Mombasa na Unguja, hewa yenye chumvi huila treyi ya bati lililopakwa zinki kiwandani kabla ya kukatwa, kwa sababu kingo zilizokatwa hubaki na kinga hafifu. Nje ya jengo huko inafaa kuchagua chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto baada ya kutengenezwa, au plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo.

Sasa kuhusu kebo. Zipo fiba zilizotengenezwa kuvumilia kona, zinazotajwa katika pendekezo la G.657 la ITU-T, kitengo cha viwango cha Shirika la Kimataifa la Mawasiliano: daraja la A1 hustahimili nusukipenyo cha milimita 10, A2 milimita 7.5, na B3 milimita 5. Ni maendeleo makubwa, na kwa nyaya fupi za ndani ya kabati au nyumba ninazipendekeza bila kusita. Hata hivyo vipimo hivyo ni vya uzi mtupu. Kebo nzima ina mirija, nyuzi za kuimarisha, pengine deraya ya chuma ya kuzuia panya, na hivyo vyote vina kikomo chao. Anayenunua kebo ya deraya yenye uzi wa G.657 kisha akaikunja milimita 10 atavunja mirija kabla uzi haujapata nafasi ya kuonyesha uwezo wake. Deraya hiyo pia huleta wajibu wa kuiunganisha na ardhi, wajibu ambao kebo isiyo na chuma haina.

Huwa ninaanza kusoma ramani kutoka kwenye sehemu moja inayosahauliwa, nayo ni akiba ya kebo. Mita chache huachwa zimezungushwa karibu na kila kabati ili kiungo kikiharibika pawe na pa kukata tena, na mzunguko wenyewe ni mkunjo kama mwingine wowote. Kebo ya milimita 12 ikihitaji nusukipenyo cha milimita 120, duara la akiba haliwezi kuwa na upana chini ya milimita 240, na halikai ndani ya treyi ya milimita 200 kwa namna yoyote. Linahitaji ubao wake ukutani, uliochorwa kabla treyi hazijaagizwa.