Nani alilipia utafiti huu?

Februari 1998, jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyodokeza kuwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Wasomaji hawakuambiwa kwamba Wakefield alikuwa akilipwa na mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo hiyo. Makala ilibatilishwa Februari 2010. Katika miaka hiyo 12 wazazi wengi nchini Uingereza walisita kuchanja watoto wao, na surua ikapata mwanya wa kurudi.

Ndiyo sababu majarida makini humtaka kila mwandishi atoe tamko la mgongano wa maslahi, yaani aseme ni fedha au uhusiano gani unaoweza kumfanya apendelee upande mmoja. Kupokea fedha za kampuni ya dawa si kosa. Utafiti mwingi wa dawa usingefanyika bila fedha hizo. Kosa ni kuzificha. Msomaji ana haki ya kujua nani aligharamia kazi, nani alichambua takwimu, na nani alikuwa na kauli ya mwisho kama matokeo yachapishwe au la. Swali hilo la tatu huulizwa mara chache mno, na kwangu ndilo zito kuliko yote.

Halafu kuna usajili wa majaribio. Tangu Julai 2005, Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inataka jaribio la tiba lisajiliwe hadharani kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Bila hivyo, mtafiti anaweza kupima mambo kumi, akatangaza moja lililompendeza na kunyamazia mengine tisa.

Uhakiki wa wataalamu, yaani kazi ya wanasayansi wengine kuipima makala kabla haijachapishwa, haugundui kila udanganyifu. Mei 2020 The Lancet ilichapisha utafiti kuhusu haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, kwa wagonjwa wa UVIKO-19, uliotegemea data za kampuni ya Surgisphere. Wanasayansi waliousoma walidai data ghafi. Hazikutolewa, hata waandishi wenza hawakuweza kuzikagua. Tarehe 4 Juni makala ilibatilishwa, chini ya wiki mbili tangu ichapishwe.

Makala iliyobatilishwa kwa kawaida haiondolewi mtandaoni. Huwekewa tangazo kwamba imebatilishwa, nayo nakala zake huendelea kuzunguka bila tangazo hilo. Kwa hiyo ukitumiwa utafiti wa tiba, ufungue kwenye ukurasa wa jarida lenyewe, kisha utafute tamko la maslahi na namba ya usajili.