Sanamu za Cyclades: Weupe Ambao Haukuwapo

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba sanamu ndogo za marumaru za visiwa vya Cyclades, nchini Ugiriki, zilichongwa zibaki nyeupe tupu, zenye uso usio na kitu isipokuwa pua. Ukweli ni kwamba wachongaji wa visiwa hivyo, walioishi takriban kati ya mwaka 3200 na 2000 KK, walizipaka rangi: macho na nywele kwa buluu ya azuriti, yaani madini ya shaba yenye rangi hiyo, na mashavuni nukta au mistari myekundu. Rangi hiyo karibu yote imetoweka, lakini ililikinga jiwe lililokuwa chini yake lisilike upesi, hivyo mwanga ukipigwa kutoka ubavuni, jicho lililofutika huonekana limeinuka kidogo juu ya shavu. Wasanii wa karne ya 20, Henry Moore miongoni mwao, walivutiwa na usahili wa sanamu hizi, na sehemu ya usahili huo, kusema kweli, ni kazi ya miaka na udongo wala si ya mchongaji.

Makumbusho nayo yamechangia kupotosha, kwa kuwa huzisimamisha kwa vishikizo. Aina ijulikanayo zaidi, ya mwanamke aliyekunja mikono tumboni, ina vidole vya miguu vilivyoelekea chini, na haiwezi kusimama yenyewe.

Wengi pia huziita mungu mke wa uzazi. Nyingi ni za kike kweli, na chache zina mimba, ila yupo pia mwanamume aketiye kitini akipiga kinubi, aliyepatikana kisiwani Keros. Na kwa kuwa watu wale hawakuacha maandishi, jina la mungu huyo ni letu sisi.

Keros hiyohiyo ilidhaniwa kuwa makaburi yaliyovurugwa na wezi wa mambo ya kale, ambao kwa hakika walipapora vibaya. Uchimbaji wa 2006 hadi 2008, ulioongozwa na mwanaakiolojia Colin Renfrew, ulifikia sehemu ambayo wezi hawakuigusa, na humo pia sanamu zilikuwa vipande vitupu, ambavyo ni nadra kimoja kuungana na kingine. Zilivunjiwa kwingineko, kisha vipande vichache vya kila moja vikaletwa kisiwani na kuzikwa. Na mivunjiko yake imechakaa, ishara kwamba ni ya kale.