Sensa za gari la zamani: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Magari mengi ya binafsi hapa Uganda yalitumika Japani kwanza. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazuia kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini haiyaondoi yale yaliyokwisha kuingia. Kwa hiyo Toyota za zamani kama Corolla AE100 tunayoiita Kikumi, Ipsum, Noah na Premio za zamani bado zinapeleka watoto shule na kurudi na matoke kutoka sokoni. Wenye magari haya wanapoteza pesa nyingi kwa taa moja ya njano kwenye dashibodi, na nyingi katika hizo zinaishia kwenye sensa, vifaa vidogo vinavyopima hali ya injini na kuiarifu kompyuta ya gari, ambazo hazikuwa na kosa lolote. Inaniuma, kwa sababu hasara hiyo inaepukika. Haya ndiyo ninayoyasikia mara kwa mara, na ukweli wake.

"Mashine imetaja sensa, basi sensa imekufa."

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Chukua kodi P0171, yaani namba ya kosa ambayo mashine ya kupimia (skana) huisoma kwenye kompyuta ya gari. Maana yake ni kwamba hewa kwenye mchanganyiko imezidi kiwango kinachofaa kwa petroli iliyopo. Fundi mwenye haraka atakwambia ununue sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, ilhali sensa hiyo imefanya kazi yake: imeona hewa imezidi, ikasema. Kosa laweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka nyuma ya injini, sensa ya hewa iliyojaa vumbi, chujio la petroli lililoziba au pampu iliyochoka. Ukibadilisha sensa ya oksijeni, taa itazimwa kwa mashine, na baada ya siku chache itawaka tena.

Kodi P0135 ni habari nyingine. Hiyo inahusu hita iliyo ndani ya sensa ya oksijeni, ile inayoipasha moto ianze kazi mapema. Hata hapo, angalia fyuzi kwanza. Kisha chomoa soketi, upime hita kwa mita ya umeme. Kwenye Toyota nyingi injini ikiwa baridi utapata kati ya omu 11 na 16. Mita isiposoma kitu kabisa, hita imekatika, na sasa una sababu ya kununua.

Sensa ya joto la maji ya kupozea injini unaweza kuipima hata jikoni. Itumbukize ncha yake kwenye sufuria ya maji, ushike waya za mita kwenye pini zake. Kwa Toyota nyingi, maji yakiwa na nyuzi 20 itasoma kama omu 2,000 hadi 3,000, na yakifika nyuzi 80 itashuka hadi omu 200 hadi 400 hivi. Ikishuka vizuri hivyo, iko salama. Irudishe mahali pake, ukatafute tatizo kwenye soketi, kwenye waya, au kwenye themostati, kile kizibo kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto.

Na themostati inastahili kusemwa kwa sauti. Mafundi wengi huiondoa kwa hoja kwamba nchi ya joto haiihitaji. Injini isiyo na themostati huchelewa kufika joto lake, na pengine haifiki kabisa ukiwa barabara kuu. Kompyuta inasoma ubaridi huo, inadhani gari limewashwa sasa hivi, inaongeza petroli. Plagi zinakuwa nyeusi, masizi yanaivaa sensa ya oksijeni, matumizi ya mafuta yanapanda, kisha lawama inaiangukia sensa ya joto. Ukirudisha themostati, spea ya bei ndogo kuliko sensa nyingi, kesi imekwisha.

"Gari la zamani halipimiki bila mashine kubwa."

Kuna skana ndogo za bei nafuu ambazo hazisomi baadhi ya magari yetu, na watu huhitimisha kwamba kompyuta ya gari imeharibika. Sivyo. Kanuni iliyolazimisha mfumo mmoja wa OBD2, yaani soketi na lugha moja ya kusomea makosa ya gari, ilikuwa ya Marekani, kwa magari ya mwaka 1996 kwenda mbele. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani miaka hiyo halikufungwa nayo.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo cheusi chini ya boneti, kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS. Kifungue, usome mchoro ulio ndani ya kifuniko, uunganishe matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha uwashe swichi bila kupiga stata. Taa ya injini itaanza kumweka. Ikimweka mara mbili, ikapumzika, ikamweka mara moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. 22 ni joto la maji, 41 ni sensa ya throtol, kile kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali ya mafuta. Ikimweka mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Hakikisha matundu mara mbili kabla ya kuunganisha, kwa sababu waya ukiingia pasipo pake unaweza kuunguza kitu.

"Mpya ya kwenye boksi inaishinda mtumba."

Boksi linachapishwa na yeyote. Pale Kisekka au Ndeeba, kwenye maduka ya spea ya Kampala, utaona sensa mpya yenye jina kubwa, kwa bei ambayo mtengenezaji mwenyewe asingeweza kuiuza. Itazame: maandishi yamechongwa kwenye chuma au yamepakwa wino unaofutika kwa kidole? Soketi inaingia na kujifunga, au inalegea?

Msimamo wangu ni huu. Sensa ya kranki, ya kamshafti, ya hewa na ya joto la maji, afadhali mtumba halisi uliotolewa kwenye injini ya Japani kuliko mpya ya bandia. Hizo hupimika, na nyingi hudumu miaka. Sensa ya oksijeni ni tofauti: inachakaa kwa kilomita, kwani moshi unaipiga kila dakika. Hiyo nunua mpya, ya mtengenezaji anayeeleweka kama Denso au NTK, na ukate gharama kwingine. Kabla ya kutoa pesa, patana na muuzaji juu ya kurudisha, na mapatano yaandikwe kwenye risiti. Wengi wana desturi kwamba kitu cha umeme kikishafungwa hakirudi.

"Ikifanana umbo, itaingia."

Itaingia, ndiyo, na gari litazidi kusumbua. Sensa ya oksijeni ya kawaida na ile ya kupima uwiano wa hewa na mafuta zinaweza kufanana kama mapacha, lakini kompyuta haizisomi kwa namna moja. Namba ndiyo inayozitenganisha: kwa Toyota, ya kwanza kwa kawaida huanza na 89465, ya pili 89467. Ya joto la maji huanza na 89422. Nenda dukani na sensa yako ya zamani mkononi, au na picha ya namba yake.

Namba hiyo hiyo pia inakupunguzia bei, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Toyota hutumia sensa moja kwenye magari mengi. Ukiomba "sensa ya Ipsum" utaambiwa haipo, au utatajiwa bei ya kitu adimu. Ukiomba kwa namba, huenda ikatoka kwenye rafu ya gari jingine kabisa.

"Sensa ya kuunga waya ni ubahili."

Si kweli, ikiwa ni nzuri na imeungwa vizuri. Inakuja bila soketi, unatumia soketi yako ya zamani. Kwa Denso za waya nne, nyeusi mbili ni za hita, bluu ni ya ishara, nyeupe ni ya athi (ya kurudisha umeme). Za Bosch na NTK hupangwa tofauti: nyeupe mbili za hita, nyeusi ishara, kijivu athi. Wala usiunge kwa lehemu. Sensa nyingi za aina hii huvuta hewa ya kulinganishia kupitia ndani ya waya, na lehemu inaiziba njia hiyo. Bana kwa viungio.

"Sugua kwa petroli, itapona."

Sensa ya hewa ina uzi mwembamba mno. Brashi inaukata. Tumia dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, uache ikauke. Kwa barabara zetu za vumbi, usafi huu pamoja na chujio jipya la hewa mara nyingi hutosha. Fundi akifunga gasketi kwa silikoni, mwambie atumie ile iliyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa, kwa kuwa mvuke wa silikoni ya kawaida huiua sensa ya oksijeni.

"Mtandaoni ni rahisi zaidi."

Pengine. Jumlisha usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, kisha rudi Ndeeba ukaulize tena kwa namba.