Usitafute nyumba, tafuta shimo: safari yetu kwenye nyanda za Laura Ingalls Wilder

Binti yangu alipomaliza kusoma *On the Banks of Plum Creek*, kitabu cha mwandishi wa Marekani Laura Ingalls Wilder kuhusu utoto wake, kwa mara ya tatu, aliniuliza kama ile nyumba ya kuchimbwa kwenye ukingo wa mto bado ipo. Mimi ni mtaalamu wa malisho. Kutwa nzima nashinda na nyasi na udongo wake. Nikamwambia twende tukaone. Mwishoni mwa Agosti tukatoka Minneapolis, vitabu vimejaa kiti cha nyuma, tukashika njia ya kusini-magharibi hadi barabara kuu namba 14, ambayo Minnesota wameipa jina la mwandishi huyo.

Laura alizaliwa mwaka 1867 karibu na Pepin, Wisconsin, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1932, akiwa na miaka 65. Utoto wake ulikuwa wa kuhamahama kwa gari la farasi: Wisconsin, Kansas, Minnesota, Iowa, kisha Dakota. Leo kila kituo kina makumbusho yake. Ila nyumba ya magogo ya Pepin ni ya kuigiza, na ya Kansas vilevile. Piga picha, watoto watafurahi, lakini usiishie hapo. Ushahidi wenyewe uko ardhini.

Walnut Grove, Minnesota, ni mji mdogo, kama kilometa 240 kutoka Minneapolis. Nyumba ya kuchimbwa ya kitabuni ilikuwa nje ya mji, na eneo hilo sasa liko ndani ya shamba la mtu. Unashuka hadi kijito, unavuka, unapanda ukingo, halafu unakuta mbonyeo tu, umeota majani. Paa liliporomoka zamani.

“Mama, ndiyo hii tu?”

Nikamwambia akae ndani ya ule mbonyeo. Nilikulia Kongwa, bibi yangu aliishi kwenye tembe, kwa hiyo mimi nyumba ile ya ukingoni niliiona akilini. Miti michache inalazwa juu, nyasi zinatandazwa, udongo unafunika. Bibi alikuwa mkali kwelikweli mtu akipanda juu ya paa. Kitabuni maksai anapita juu ya nyumba ya akina Laura na mguu wake unatoboa hadi ndani. Nilipomweleza binti yangu kwamba kitu kama hicho Ugogo kinaeleweka bila picha, aliacha kulalamika akaanza kuuliza maswali.

Ukuta wa mbele ulikuwa wa mabonge ya udongo yaliyokatwa kama matofali. Yaliwezekana kwa sababu ya mizizi. Nyasi kubwa ya nyanda hizi, *Andropogon gerardii*, ina kichwa cha mbegu chenye vidole vitatu kama mguu wa bata mzinga, na mizizi yake hushuka mita mbili hadi tatu. Mizizi hiyo ndiyo iliyoushika udongo kama saruji, na kwa maelfu ya miaka ndiyo iliyougeuza mweusi. Wakulima walipoukata kwa plau ya chuma, rutuba yote ile ikawa yao. Nyasi hii ni ya ukoo mmoja na mahindi, mtama na muwa. Ukisimama pale Walnut Grove unaona mahindi hadi upeo wa macho. Binamu kachukua kiti cha binamu. Kote Marekani nyanda za nyasi ndefu zilizobaki hazifiki asilimia 4 ya zilizokuwepo.

Kitabu cha *Plum Creek* ndicho kinachosimulia nzige kula ngano yote, hadi baba yake Laura akatembea kwa miguu kwenda mashariki kutafuta vibarua vya mavuno. Walioshuhudia nzige Kenya mwaka 2020 hawatadhani mwandishi alitia chumvi. Jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui ni kwamba nzige wale, nzige wa Milima ya Rocky, hawapo tena duniani. Wa mwisho kuonekana hai alikamatwa mwaka 1902. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kati ya miaka ya makundi makubwa, nzige hao walijificha na kutaga kwenye mabonde machache ya mito milimani. Walowezi wakayafikia mabonde hayo, wakalima, wakamwagilia, wakalisha ng’ombe, na mayai yakaharibika bila mtu kukusudia. Nzige wa jangwani anayetusumbua Afrika Mashariki huzaliana kuanzia Afrika Magharibi hadi India, kwa hiyo plau haiwezi kummaliza.

Kutoka hapo hadi De Smet, Dakota Kusini, ni takriban kilometa 170. Nje ya mji, kwenye ardhi aliyojipatia baba yake Laura kwa sheria ya mwaka 1862, iliyompa mlowezi ekari 160 akikaa miaka mitano, kuna miti aliyoipanda kwa mkono wake: mmoja kwa mama, na mmoja kwa kila binti kati ya wanne. Baadhi bado imesimama. Nililishika gome la mmoja, lina mifereji mirefu ya kuingia kidole kizima. Serikali ya wakati huo ilisukuma watu wapande miti huku, lakini mvua ni ndogo na mingi ilikufa. Hii kupona ni jambo la kustahili kusimama na kuliangalia.

Hapohapo tulisokota nyasi kavu. Majira ya baridi ya 1880 hadi 1881 theluji ilifunga reli, treni ikakosekana kwa miezi, makaa yakaisha, familia ikachoma nyasi za bwawani zilizosokotwa kama vijiti vya kuni. Unachukua konzi ndefu, unasokota mpaka inajikunja yenyewe, unapenyeza ncha. Binti yangu alitengeneza vinne na viganja vikawa vyekundu. Nyasi huungua mara moja. Ili jiko lisizime, mtu alilazimika kusokota kutwa nzima, huku mwingine akisaga ngano kwa kinu cha kahawa.

Kansas ni mbali, siku nzima ya kuendesha. Karibu na Independence kuna kisima cha kuchimbwa kwa mkono kinachoaminika kuwa chao. Hapa sikuona haya kumweleza mtoto ukweli: mwaka 1869 ardhi hii ilikuwa ya Waosage, wenyeji asilia wa Marekani, na familia ya Laura iliingia bila haki. Toleo la 1935 la *Little House on the Prairie*, kitabu chake kuhusu Kansas, lilisema hapakuwa na watu, ila Wahindi Wekundu tu, yaani wenyeji hao. Msomaji alilalamika, na mwaka 1953 neno “watu” likabadilishwa likawa “walowezi”. Kwa macho ya kazi yangu hata nyasi zinakanusha kwamba palikuwa patupu. Waosage walichoma nyika kwa mpangilio. Moto ulizuia miti na kuleta majani mapya kwa ajili ya baisani, nyati wa Marekani, kama wafugaji wetu wanavyofanya.

Familia nzima iliugua malaria hapo, na majirani wakalaumu matikiti maji. Aliyewatibu ni daktari Mweusi, George Tann, ambaye pia aliwatibu Waosage. Amezikwa Independence. Tuliweka maua kaburini.

Tulipogeuza kurudi tulipita Flint Hills, vilima vya Kansas, ambako gumegume chini ya udongo liliishinda plau, na tangu mwaka 1996 kuna hifadhi ya taifa. Kwenye bonde lenye unyevu nyasi zilikuwa zimenipita kichwa. Binti yangu akaingia ndani na kitabu chake. Nikamwita, akaitika, na sikumwona.