Homoni katika mimba changa: mnayouliza mara kwa mara

Hedhi imechelewa siku mbili, nimepima mkojo, mstari mmoja tu. Ndiyo kusema sina mimba?

Ni mapema mno. Kipimo kinatafuta homoni ya hCG, ambayo huanza kutoka mimba ikishajishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, kati ya siku ya 6 na ya 12 hivi tangu yai litoke. Baada ya hapo huongezeka karibu maradufu kila siku mbili tatu. Rudia baada ya wiki, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi.

hCG inafanya nini hasa?

Inailinda homoni nyingine, progesteroni. Yai likitoka, kifuko lilimokuwa hubaki kwenye ovari kikitoa progesteroni, inayotuliza misuli ya mji wa mimba na kuzuia ukuta wake usibomoke ukawa hedhi. Pasipo mimba, kifuko hicho hunyauka wiki mbili baadaye. hCG hukidumisha hadi kondo la nyuma lishike kazi, wiki ya 8 hadi 10.

Nachoka mno. Mume wangu anasema nadeka.

Hudeki, mama. Progesteroni huleta usingizi, tena hulegeza utumbo na mlango wa juu wa tumbo: ndiyo hiyo gesi, choo kigumu na kiungulia. Naomba mumeo asome hapa. Ukilala saa nane mchana vyombo vikiwa karoni, mwili wako uko kazini.

Na kutapika?

Zamani lawama zote zilikuwa za hCG, kwa kuwa hufika kilele karibu wiki ya 10, kichefuchefu kikiwa kimekolea. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature Desemba 2023 ulionyesha mchango mkubwa wa homoni ya GDF15: aliyekuwa nayo kidogo kabla ya mimba huelekea kuteseka zaidi inapopanda. Usipotapika kabisa, usiogope. Maji yakikataa kukaa tumboni na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali.

Jirani ananishauri nichome sindano ya kushikilia mimba.

Usichome bila daktari. Mimba nyingi zinazoharibika mapema zina kasoro za kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba), na progesteroni iliyo kwenye sindano hiyo haizirekebishi. Inaweza kumsaidia aliyewahi kuharibikiwa na mimba na sasa anaona damu. Lakini damu ikija na maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, au kuzimia, ondoka usiku huohuo: huenda mimba imetunga kwenye mrija wa uzazi, na kipimo cha mkojo huonyesha mistari miwili vilevile.