Je, treni ya mjini inaleta uvivu?

Kuna imani ya siku nyingi kwamba usafiri ukisogezwa karibu na nyumba, watu hubweteka na kunenepa. Inaingia akilini, mpaka umfuate abiria mwenyewe. Mwenye gari hupiga hatua kumi, ameshaketi. Wa treni huenda kwa miguu hadi kituoni, hushika bomba njia nzima, hushuka, kisha hutembea tena hadi kazini. Jioni anarudia yote.

Mji wa Charlotte, Marekani, ulifungua reli yake nyepesi, yaani treni ya umeme ya mjini, mwaka 2007, yenye urefu wa kilomita 15 hivi. Watafiti waliwahoji wakazi wa jirani kabla na baada. Matokeo yalitoka 2010: walioanza kuipanda kwenda kazini walipungua uzito wakilinganishwa na wasioipanda. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, tofauti ilikaribia kilo 3. Abiria waliohojiwa walikuwa wachache, na uzito walijitajia wenyewe (nani hajipunguzii kidogo?), kwa hiyo tusiigeuze reli kuwa dawa.

Kukaa jirani na kituo tu hakutoshi. Na kituo kisicho na njia salama ya waenda kwa miguu humrudisha mtu kwenye gari lake.