Kiebrania bila irabu: ukifuta vitone, kazi haijaisha

"Andika neno kwa irabu, kisha futa vitone vinavyoonyesha irabu, kitakachobaki ndiyo tahajia ya kawaida." Hii ndiyo dhana inayoharibu madaftari mengi kuliko nyingine zote, na imewashika hasa waliojifunzia kwenye maandiko ya Biblia na waliopita madrasa. Wa madrasa wana sababu: Kiarabu ukikiondolea fataha, kasra na dhuma, herufi hubaki zile zile. Kiebrania cha leo hakiendi hivyo. Irabu zikitoka, herufi fulani huongezwa zishike nafasi yake, na kanuni zinatolewa na Akademia ya Lugha ya Kiebrania huko Yerusalemu. Zinazotumika sasa zilitoka mwaka 2017.

Chukua shulhan, meza. Kwa irabu ni שֻׁלְחָן: herufi nne, na vitone vitatu vya u chini ya shini (ש). Ukivifuta unabaki na שלחן, tahajia ya zamani. Inayotakiwa ni שולחן, kwa sababu u huandikwa kwa vau (ו) daima. O nayo kwa kawaida hupewa vau: חֹדֶשׁ, mwezi, huwa חודש. Hata kamatsi, alama ambayo kwa kawaida husomwa a, ikisomwa o hupewa vau, na hapo ndipo wengi huanguka. חָכְמָה, hokhma, ni hekima. חֲכָמָה, hakhama, ni mwanamke mwenye hekima. Futa vitone tu, na yote mawili yanakuwa חכמה. Ukifuata kanuni, hekima ni חוכמה, na mwanamke anabaki חכמה. Maneno ambayo o yake tayari imebebwa na alefu (א), kama ראש (rosh, kichwa) na לא (lo, hapana), usiyaguse.

Akishaelewa hayo, mwanafunzi hukimbilia upande wa pili: yodi (י) kila anaposikia i. Hapana! Tazama herufi inayofuata hiyo i katika maandishi yenye irabu. Ikiwa na shva bubu, yaani alama ya kukosa irabu, yodi haiingii: מגדל (migdal, mnara), מכתב (mikhtav, barua), הסביר (hisbir, alieleza). Ikiwa na irabu yake yenyewe, yodi inaingia: זיכרון (zikaron, kumbukumbu), דיבר (diber, alisema). Ukiandika דבר bila yodi, msomaji atasoma davar, yaani neno au jambo, na sentensi yako imekufa. Vimaneno עם (im, pamoja na), אם (im, ikiwa) na מן (min, kutoka) havichukui yodi. Kwa hiyo kila neno jipya liandike mara mbili daftarini, kwa irabu na bila irabu, ubavu kwa ubavu. Anayenakili umbo moja tu atakosea mpaka mwisho wa kozi.

Vau mbili au yodi mbili si makosa ya uchapaji. Ni konsonanti iliyo katikati ya neno: תקווה (tikva, tumaini), חייל (hayal, askari). Mwanzoni inatosha moja, kama ורד (vered, waridi), lakini ukitanguliza ha-, kiambishi cha kubainisha nomino, unapata הוורד. Yodi hairudiwi ikikaa jirani na vau ya irabu: עלייה (aliya, upandaji), wingi wake עליות (aliyot). Nyumba, bayit, hubaki בית, kwa yodi moja.

Wapo pia wanaosema herufi hizi za kuongezwa ni uvumbuzi wa magazeti. Vitabu vya Samweli huandika Daudi דוד. Mambo ya Nyakati, דויד. Gombo kuu la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, lina כול na לוא, herufi nyingi kuliko hata za leo. Vitone ndivyo vilivyochelewa: Wamasora wa Tiberia, wanazuoni walionakili Biblia ya Kiebrania, walivikamilisha karne nyingi baada ya gombo hilo kuandikwa.

Majina ya watu yana ruhusa yake. Musa ni משה (Moshe), Sulemani שלמה (Shlomo), Yakobo יעקב (Yaakov), bila vau ingawa o inasikika. Ukikutana na mtu, liandike jina lake kama anavyoliandika mwenyewe.